Kamera Iliyoshuka Ngazi

Mpiga kamera alikuwa na ngazi yake, na sheria za ule mchezo wa runinga alizijua kuliko alivyowajua wanawe. Tajiri hupigwa picha kutoka chini, aonekane mnara. Mtumishi hupigwa kutoka juu, utosi mbele, aonekane amezidiwa na sakafu. Mwongozaji aliita hilo sanaa, na hakuna aliyembishia, maana ndiye aliyeajiri na kufukuza.

Asubuhi ile mwigizaji wa mtumishi, aliyekuwa pia dada wa mkewe, alimvuta pembeni.

"Shemeji, leo naitwa mwizi. Mwandishi anasema hajaamua kama nimeiba kweli. Ataangalia picha kwanza, ndipo aandike."

"Na akiona umeiba?"

"Nafukuzwa mchezoni, nahamia kwenu."

"Usinitishe mapema hivi."

"Wewe cheka tu. Tangu mkufu upotee kwenye kipindi kilichopita, mwenye duka mtaani kwetu ameshaanza kunitazama mikono. Siku zote unanipiga utosi. Utosi utajiteteaje?"

Alipanda ngazi. Chombo cha maua kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa cha kuvunjwa. Hakukuwa na kurudia.

"Anza!"

"Mkufu wa mke wangu uko wapi?" tajiri akanguruma, akakisukuma chombo. Kikapasuka. Mtumishi akapiga magoti, akaanza kuokota vigae.

Mpiga kamera akashuka. Miguu ilitangulia, akili ikafuata. Alishuka na kamera begani, taratibu, mpaka tumbo likagusa sakafu. Mwongozaji akafumbua mdomo, akaufumba tena. Kufoka kungeingia kwenye picha, na chombo kilishakwenda.

Sasa uso wa yule mwanamke ulijaa kwenye skrini, macho kwa macho. Hakulia. Alikuwa anatafuta kigae cha mwisho, kama mtu anayejua kwamba akikiacha, hata hicho ataulizwa. Nyuma yake tajiri alikuwa amebaki viatu viwili vinavyong'aa, vikihamahama.

"Kata!"

Wote wakakimbilia skrini.

"Uso wangu uko wapi?" tajiri akauliza. "Nimenguruma bure?"

"Viatu vimetoka vizuri, mzee," fundi wa taa akamfariji.

Mwongozaji aliitazama picha, akairudia, akairudia tena. Mpiga kamera alisimama na vumbi lake kifuani, akitunga maneno ya kumwambia mkewe.

"Umeniharibia mwizi wangu," mwongozaji akasema hatimaye. "Huyu hakuiba. Hata mtoto anaona." Akaelekeza kidole kwenye skrini. "Lakini hivyo viatu, mbona havitulii?"

Mwandishi alikuwa ameshatoa kalamu.

"Mimi?" tajiri akaruka. "Niibe mkufu wa mke wangu mwenyewe?"

"Ndiyo utamu wake." Mwongozaji akamgeukia mpiga kamera. "Na wewe, kuanzia kesho uko kwenye taa. Kamera ataishika mwingine."

"Sawa, mkuu."

Tajiri alikuwa bado anabembeleza apigwe tena, hata mara moja tu, kutoka chini.