Kengele ya Bibi Pohlmann

Nedra Pohlmann alifundisha darasa la tatu miaka kumi na tatu, na sikufichi, alikuwa mwalimu hasa. Hapa kwetu Nebraska, penye mahindi mengi kuliko watu, watoto walilia wakipanda darasa la nne kwa sababu walikuwa wanamwacha. Alikuwa na kengele ya shaba yenye mpini wa mbao. Akiitikisa mara moja, hata wale watukutu wa kina Hruska walijipanga mstari bila kusukumana. Siku aliyoacha kazi aliondoka na kengele hiyo mkononi na binti yake Ilsa ubavuni.

Ilsa alikuwa na miaka tisa na kusoma kulikuwa kumemshinda. Hakuwa darasani kwa mama yake. Alikuwa chumba cha pili, kwa mwalimu mwingine. Akisimamishwa asome mbele ya wenzake maneno yanamkwama, wenzake wanacheka, na ikafika mahali mtoto anatapika kila asubuhi kabla basi la shule halijafika. Hebu fikiria: watoto wa watu wanasoma kama wanakunywa maji, na aliyewafundisha ana mtoto anayekimbia kitabu. Nedra alilia wee, kisha akaandika barua ya kuacha kazi. Mumewe Wendell, anayefanya kazi kwenye ghala la nafaka na si mtu wa maneno mengi, alikubali Ilsa asomeshwe nyumbani mpaka mwezi wa tano, mwisho wa mwaka wa masomo. Ikiwa kufikia hapo Ilsa bado anaogopa kitabu, atarudi shule, na Nedra atarudi kwenye chaki zake.

Basi Nedra akafungua shule jikoni. Ratiba juu ya friji, bendera kando ya tosta, ubao pale ilipokuwa picha ya harusi. Saa mbili kamili kengele inalia na Ilsa anatoka chumbani kwake kwa mstari, mstari wa mtu mmoja. Kwenda chooni mpaka anyooshe mkono. Wakati wa masomo hakuna mama. Kuna Bibi Pohlmann. Walifanya hata zoezi la kukimbia moto, wawili peke yao, wakasimama kwenye theluji huku Nedra akihesabu wanafunzi.

Mama mkwe wake, Verna, alikuja siku moja kuleta maziwa, akasimama mlangoni akatazama yote hayo. "Nedra mwanangu," akasema, "mtoto umemtoa shule, au shule ndiyo umeileta huku?"

Nedra alicheka kwa adabu na akaendelea na ratiba. Ilsa naye aliendelea kutii, akawa kimya kuliko alivyokuwa shuleni. Kitabu akifunguliwa anakitazama kama mtu anayesubiri sindano.

Sasa sikiliza kilichomvunja Nedra. Wakati wa mapumziko Ilsa alikwenda bandani kumwona ndama wake, na ndama kwa furaha zake akampiga kichwa cha pua. Nedra alikuwa amegeukia ubao anaandika hesabu. Alipogeuka alimkuta Ilsa mlangoni, damu inamchuruzika mpaka kwenye shati, mkono ameunyoosha juu, ametulia. Alisimama hapo muda gani, Mungu ndiye anayejua.

"Ilsa! Mbona hukusema?"

"Ulikuwa hujanichagua, Bibi Pohlmann."

Nedra alimshika, akamfuta, akamkumbatia, akaona aibu iliyomshuka mpaka miguuni. Siku hiyo masomo yaliishia hapo.

Ijumaa ndiyo siku akina mama wanaosomesha nyumbani wanapokutana na watoto wao katika ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri. Kule kila mama anafundisha alichokuwa zamani. Aliyekuwa muuguzi huleta moyo wa ng'ombe kwenye ndoo na watoto wanaupasua wakitafuna biskuti. Aliyekuwa mwendesha mashtaka amewafundisha kubishana, na tangu hapo hakuna mtoto mjini anayekubali kwenda kulala bila ushahidi. Aliyekuwa msusi anafundisha kemia kwa rangi za nywele, ndiyo maana mwana wa mchungaji alionekana mwezi mzima na kichwa cha kijani. Na Loretta Quick, aliyekuwa dalali wa mnada wa ng'ombe, mwanamke wa kifua na sauti, anafundisha hesabu za kichwa kwa kasi ya kukutoa jasho.

Waliokuwa walimu tu ndio wana sheria yao: mwaka wa kwanza hawafundishi. Wanapika kahawa. Nedra alikuwa ameichukulia sheria hiyo kama tusi na kahawa akaipika kwa hasira tangu Septemba. Lakini Ijumaa ile alikuja na kengele mfukoni mwa koti, akamwambia Loretta habari ya pua na mkono ulionyooshwa.

Loretta hakumpa pole. Alimpeleka stoo, akafungua kabati. Rafu nzima ilikuwa na kengele walizoacha walimu waliotangulia: za mezani, za mkononi, na filimbi moja ya mwalimu wa michezo.

"Muuguzi akija huku anaacha sindano nje," Loretta akasema. "Wakili anaacha joho lake. Ninyi walimu ndio mnakuja na jengo zima la shule mgongoni."

"Nikiiacha hii nitakuwa nani?" Nedra akauliza, na hakuwa anatania. Aliipenda ile kazi kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

"Mpika kahawa. Na kahawa yenyewe, shoga yangu, bado haijakaa sawa."

Nedra alicheka mpaka machozi, machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha, na kengele ikabaki rafuni.

Nyumbani ratiba ikashuka na picha ya harusi ikarudi ukutani. Jamani, mwanamke aliteseka! Jumanne nzima bila kengele, bila vipindi, wanakanda mkate, wanamsugua ndama kwa brashi, wanakwenda ghalani kwa Wendell kutazama malori yakipimwa. Usiku alikuwa akimwambia Wendell kwamba anamharibu mtoto, Wendell anasema miezi bado ipo. Halafu asubuhi moja ya Machi, Nedra akiwa jikoni anapika pankeki, Ilsa akaanza kumsomea jinsi ya kuzipika kutoka kwenye pakiti ya unga, kwa sababu mikono ya mama ilikuwa na mayai. Alisoma polepole. Akakwama kwenye neno refu, akarudi nyuma, akalivuka mwenyewe. Ulimi wa Nedra ulikuwa unawasha kumsaidia, aliuuma. Hakuthubutu hata kugeuza pankeki, zikaungua zote. Wendell alizila nyeusi vilevile, akamwaga shira juu, wala hakuuliza kitu.

Lakini kusoma jikoni ni kimoja, mbele za watu ni kingine, na mwezi wa tano ulikuwa mlangoni.

Kila mwezi wa tano Loretta hufanya mnada wa kufunga mwaka. Watoto hawanunui kwa fedha. Wananunua kwa ahadi ya kazi. Unanyoosha mkono, unaandika ahadi yako kwenye kadi, unasimama na kuisoma mwenyewe mbele ya wote, na ahadi nzuri zaidi ndiyo inayochukua. Loretta aliuza keki za tufaha, akauza sungura, sauti inapanda inashuka kama mashine ya kushonea. Kisha akatoa kitu cha shaba chenye mpini wa mbao. Rafu imejaa, akasema, lazima apunguze.

Mvulana mmoja aliitaka kwa ajili ya baiskeli yake, akaahidi kufagia ukumbi. Loretta alikuwa ameshainua nyundo Nedra alipouona mkono mwingine juu, safu ya pili. Mkono wa Ilsa.

Nedra alikuwa amesimama na birika la kahawa na hakuweza kulitua. Ilsa aliandika, akainuka, uso mwekundu, kadi ameishika kwa mikono miwili.

"Mwaka ujao," akasoma. Akakwama. Ukumbini hakuna aliyecheka. "Mwaka ujao, kila Ijumaa, nitawasomea hadithi watoto wadogo."

Nyundo ya Loretta ilishuka kwa kishindo. Nedra alimwaga kahawa kwenye viatu vyake na vya mchungaji.

Garini, wakirudi, Ilsa aliigeuza kengele akaona maandishi madogo chini ya mpini, ya wanafunzi wa mwanzo wa mama yake. Aliyasoma kwa sauti bila kuombwa: kwa mwalimu wetu, tutakukumbuka, darasa la tatu. Akafikiri kidogo.

"Wao walikupata kabla yangu," akasema.

"Ndiyo, mwanangu. Walinipata."

"Lakini walikuwa wanakurudisha saa tisa," Ilsa akasema. "Mimi sikurudishi, Mama."

Nedra alisimamisha gari kando ya shamba la mahindi, kwa sababu barabara alikuwa haioni tena.

Kengele sasa iko shingoni kwa ndama. Kila anapokimbia inalia uwanjani, na Nedra, kikombe mkononi, anasimama wima kabla hajajikumbuka. Ilsa anamcheka kila mara.