Alasiri Alipouawa Ismaily

Salima binti Mtoro alizaliwa Kiongoroni, kwenye delta ya Rufiji, mahali ambapo maji ya chumvi huingia hadi uani na kutoka bila kubisha hodi. Alipokuwa mdogo alidhani dunia nzima iko vile: asubuhi mikoko imesimama juu ya mizizi yake kama watu waliopandisha nguo zisichafuke, mchana imezama hadi kiunoni, na hakuna anayeuliza maji yamekwenda wapi. Hata alipoolewa bara, Kibiti, alikuja na tabia ya maji. Unaweza kumkuta kwenye mbuzi anakuna nazi, ukamwita na asisikie, ukamwita tena, ndipo anaitika polepole kama mtu aliyekuwa ng'ambo ya mto na sasa anavuka kurudi.

Kabla hajaolewa alifanya kazi ya kufua mashuka katika kambi moja ya watalii, juu huko kando ya Rufiji. Jioni moja alikuwa anapeleka vitambaa vya mezani akawakuta wageni wamevaa makofia na shanga za ajabu. Ghafla mzee mmoja mnene akasimama, akashika shingo, akaanguka chini. Salima alipiga ukelele. Akasoma inna lillahi, akavua kanga yake ya juu, akamfunika maiti. Maiti akafumbua jicho moja akamkonyeza.

Msimamizi wake alimweleza baadaye kwamba ni mchezo. Mmoja huuawa, mmoja huwa ndiye muuaji kwa siri, na waliobaki huulizana maswali mpaka ajulikane. Salima alikasirika siku kadhaa. Lakini hasira ilipopoa alijikuta anaufikiria ule mwisho, alioutazama akiwa nyuma ya pazia: watu wote wamekaa kimya, mmoja anakiri na kusema kwa nini, kisha marehemu anajikung'uta nguo na kuomba chakula.

Aliolewa na Ismaily, Mmatumbi, mkulima wa ufuta na mikorosho, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Wakapata binti yao Tabu, naye akakua, akaolewa Dar es Salaam. Kisha ikaja ile miaka ambayo watu wa Kibiti hadi leo huitaja kwa kushusha sauti. Watu waliuawa. Wengine walitoka nyumbani hawakurudi. Milango ilifungwa kabla ya magharibi, na Ismaily akawa anakaa nyuma ya mlango wake na panga mapajani, akisikiliza.

Hofu ilipita. Mabasi yakajaa tena barabarani, vijana wakafungua maduka ya simu, mikorosho ikatoa maua. Usingizi wa Ismaily ndio uliokataa kurudi. Alilala macho yakiwa wazi, akisinzia kama kuku juu ya mti, na jani likidondoka juu ya bati ameshakaa kitako. Alipewa vidonge hospitali, akanywa kombe la aya kwa shehe, akaogeshwa majani. Hakuna kilichosaidia. Miaka ilikwenda, akawa mtu wa kijivu, anayeishi nusu hatua nje ya mwili wake.

Si yeye peke yake. Mtaa mzima ulikuwa umebaki na namna ya kusalimiana kwa mbali. Mwanaamina, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akija kuomba chumvi na kuipokea akiwa amesimama mlangoni. Kaka yake, Ally, alitoka katika miaka ile kwenda Ikwiriri kupeleka ufuta sokoni, na tangu siku ile hakuna aliyeleta habari yake, ya heri wala ya shari. Ndugu walitaka kumsomea hitima. Mwanaamina alikataa. "Nimsomee vipi mtu ambaye sijaambiwa amekufa?" alisema, na baada ya hapo jina la Ally halikutajwa tena mbele yake.

Mvua za vuli zilipoanza, asubuhi moja ukungu umelala juu ya mikorosho kama tui, Salima alimwekea mumewe bakuli la uji akakaa mbele yake.

"Baba Tabu, nataka nikuue."

Ismaily akapuliza uji. "Kwa kosa gani?"

Salima akamweleza ule mchezo wa kambini. Atawaita majirani, wale chakula, wacheze pamoja mchana mweupe, ndani ya nyumba yao. Ismaily alisikiliza mpaka uji ukapoa.

"Na mimi kazi yangu nini?"

"Kulala tu kwenye mkeka. Nitakufunika kanga."

"Hiyo siiwezi," akasema Ismaily. "Lakini kulala macho nitaweza."

Kisha Salima akaenda kwa Mwanaamina. Huyo ndiye ambaye Salima alimwogopa. Mwanaamina alikuwa anapepeta mchele, na alimsikiliza bila kuacha kupepeta.

"Kifo hakichezewi, Mama Tabu."

"Najua, mwenzangu. Ndiyo maana nimeanza kwako. Nataka wewe ndiye uulize maswali, na kila mtu alazimike kukujibu."

Ungo ukasimama. "Na mwisho wake?"

"Mwisho muuaji anajulikana."

Mwanaamina akatazama uani kwa muda mrefu, mahali pasipokuwa na kitu ila kuku na kinu. "Nitakuja," akasema. "Ila sitacheka."

Walioalikwa wengine walikuwa watatu. Mzee Badru, muuza kahawa, ambaye mtaa mzima ulijua hajui kusema uongo, hata wa kumridhisha mgonjwa. Warda, msusi wa barabarani, binti mwenye maneno ya mjini. Na Abdala, mnunuzi wa korosho, mwenye suti moja aliyoolea na ambayo hakupata tena pa kuivaa.

Jumamosi ilipofika Salima alipika wali wa nazi na kamba aliotumiwa kutoka kwao deltani. Harufu ilitangulia kuwakaribisha wageni. Abdala aliingia na suti yake, vifungo vimegoma kufungika. Warda alivaa miwani myeusi na nywele za bandia nyekundu, akajitazama kwenye kioo cha kabati. "Leo mtanikoma," akasema. Mzee Badru alikuja na kanzu ileile ya kila siku, ila amejifunga aproni ya mkewe. Mwanaamina alivaa baibui jeusi, akakaa kwenye kiti cha peke yake karibu na dirisha.

Salima alimwinamia kila mmoja sikioni, akamnong'oneza yeye ni nani. Halafu akawaambia wote kwa sauti ile yake ya mbali kwamba hapa sasa si Kibiti. Hapa ni nyumba ya tajiri wa boriti, kwenye kisiwa cha mikoko, na maji yamejaa pande zote hakuna wa kuingia wala wa kutoka. Tajiri amekunywa kahawa yake ya alasiri, ameinamisha kichwa, basi. Waliomo ndani ni mkewe kijana, mshirika wake wa biashara na mpishi wake. Mmoja wao ndiye.

Aliposema "maji yamejaa pande zote", Warda alitazama chini ya miguu yake.

Ismaily akalala kwenye mkeka katikati ya sebule, akanyoosha miguu. Salima akamfunika kanga hadi kifuani, kisha, baada ya kusita, hadi usoni.

Mwanzoni walicheka. Warda alilia kilio cha mke mjane kilichowafanya kuku uani wanyamaze. Abdala aliapa kwamba alimpenda marehemu kuliko mama yake mzazi. Mwanaamina aliuliza maswali yake kwa upole, mkono umelala juu ya mkono, na kadiri alivyouliza ndivyo kicheko kilivyopungua. Ulikuwa wapi alipoitisha kahawa? Nani aliileta? Mlango wa nyuma ulikuwa wazi? Salima akatoa kandambili yenye tope jeusi, tope la mikoko ambalo ardhi nyekundu ya Kibiti haina, akasema imeokotwa dirishani kwa marehemu. Mzee Badru alipoiona alianza kutoka jasho. Akafuta uso kwa aproni, akafuta tena.

Ndipo sauti ikasikika kutoka chini ya kanga. Ilikuwa ndogo, kama mtumbwi unaokwaruza mchanga. Warda alidhani ni sehemu ya mchezo akapiga makofi. Sauti ikaja tena, ndefu zaidi, na kanga ikapanda na kushuka.

"Anakoroma," akasema Abdala.

Salima alipiga magoti akainua ncha ya kanga. Macho ya Ismaily yalikuwa yamefumba. Mdomo umefunguka kidogo, mkono mmoja umelegea kama mkono wa mtoto mgongoni kwa mama. Salima hakuwa ameuona uso ule kwa miaka mingi. Alikuwa amesahau kwamba mumewe ana uso mwingine. Akarudisha kanga.

"Tuache?" akanong'ona Warda. Miwani alikuwa ameivua.

"Tusiache," akasema Mwanaamina. "Tukinyamaza ghafla ataamka. Tuendelee polepole."

Wakasogeza mikeka, wakakaa kumzunguka marehemu, vichwa vikikaribiana. Mvua ikaanza kunyesha juu ya mabati, ile mvua nene isiyo na haraka, na sebule ikawa ya kijani kibichi kama chini ya maji. Kwa kunong'ona kila neno likawa zito. Salima anasema tangu hapo hakumwona tena Badru wa kahawa wala Abdala wa korosho. Aliwaona wale watu wa kisiwani, na aliyasikia maji yakipita chini ya sakafu.

Mwanaamina alimgeukia Mzee Badru. "Mpishi. Ni wewe."

Mzee Badru hakubisha hata kidogo. "Ni mimi, bibi."

"Ulipomaliza, ulikwenda wapi?"

Hilo Salima hakumfundisha. Mzee akamtazama Salima, Salima akainamisha macho.

"Nilikaa jikoni," akasema mzee.

"Ulilala?"

"Sikulala."

"Ulipoona ndugu zake wanauliza njia nzima, wanauliza kila anayeshuka garini, kwa nini hukuwaambia? Hata neno moja. Hata uongo."

Mvua ilinyesha. Abdala alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Kila mtu pale alijua sasa ni nani anayeulizwa habari zake, na kwamba mzee yule maskini, ambaye maisha yake yote hakumdhuru hata siafu, hana la kujibu. Lakini Mzee Badru hakutoka kwenye nafasi yake. Alikaa na aproni yake ya maua, machozi yakishuka kwenye ndevu, akajibu kama aliyetumwa.

"Niliogopa, binti yangu. Kisha siku zikapita, nikaona haya. Haya ikawa kubwa kuliko hofu. Hakufa kwa kosa lake. Ndugu zake, niwieni radhi."

Mwanaamina aliinama mbele. Mkono wake uliinuka, ukashuka, ukatua juu ya kanga, pale penye mguu wa Ismaily.

"Nimesikia," akasema.

Hakusema amesamehe, na hakuna aliyemtaka aseme. Warda alimsogelea akamwegemea begani, na wakakaa hivyo, wote watano, wakimlinda maiti anayekoroma, mpaka mvua ikawa manyunyu na chakula kikapoa chunguni.

Ilikuwa mwanga umeanza kuwa wa dhahabu Ismaily alipojifunua. Akatazama dari, akatazama zile nyuso zilizomwinamia, akapangusa mate shavuni.

"Nani kaniua?"

"Mimi, ndugu yangu," akasema Mzee Badru.

"Kwa nini?"

"Wallahi sijui. Mkeo ndiye anayejua."

Alicheka kwanza Abdala, na kifungo cha suti kikaruka. Halafu wote. Mwanaamina alicheka akiwa amefunika uso kwa ncha ya mtandio, mabega yakitikisika, na hakuna aliyeweza kusema hapo kipi ni kicheko na kipi si kicheko.

Wakati wa kula Ismaily alikuwa na njaa ya ajabu. Kati ya tonge na tonge alisema aliota. Aliota amebebwa na maji kwenye mkono wa mto asioujua, yeye mtu wa vilimani asiyejua kuogelea. Mikoko ilipita huku na huku, na juu ya matawi kulikuwa na ndege wananong'ona habari zake. "Sikuelewa walichosema," alisema, "lakini nilijua wako macho, nikaona basi, mimi nilale."

Hakupona siku ile. Ziko siku bado Salima hugeuka kitandani akakuta mahali pake patupu. Lakini ikawa kila baada ya swala ya alasiri Mzee Badru hupita na birika lake, au Abdala, au Warda akiwa hana wateja, hukaa barazani kuzungumza lolote, bei za korosho, nani kaoa, na Ismaily hutandika mkeka ndani, mlango wazi, akalala katikati ya sauti zao.

Mwanaamina alikaa kimya wiki nyingi. Kisha, Ijumaa moja mvua zilipokwisha, alimwita Salima kwake akamwambia achague masufuria makubwa. Anamsomea Ally hitima. Watu walikuja kutoka Umwe, wengine kutoka Ikwiriri, nyumba ikajaa hadi uani. Baada ya dua, sahani zikiwa zinapita, palikuwa na ukimya ule wa watu wasiojua wanaruhusiwa kusema nini. Mwanaamina akaweka chini kijiko.

"Ally alikuwa anaogopa vyura," akasema. "Mwanamume mzima. Akiona chura anapanda juu ya meza, anaita 'mke wangu wee', na wakati huo hata alikuwa bado hajaoa."

Mtu mmoja kule nyuma, rafiki wa Ally wa zamani, akaguna, halafu akacheka, halafu akasema hiyo si kitu, ngojeni niwaambie siku tuliyovuka naye bonde masika. Wakamsogezea nafasi ili wamsikie vizuri.