Chembe ya Dada

Mama yangu ni fundi cherehani, na siri kwake haikai hata uifunge kwa kamba. Dada alipompigia simu kutoka maabara yao ya fizikia kumwambia kwamba huenda wameona dalili za chembe mpya, ndogo kuliko chochote anachoweza kukiwaza, Mama alijibu, "Sawa mwanangu, simwambii mtu." Kufika mchana, kinyozi wa jirani alikuwa ameshanipa mkono wa hongera.

Nilimkanya. Wapi! "Chembe yetu," ndivyo alivyoiita, utadhani mjukuu yuko njiani.

Tatizo ni kwamba hata Dada alikuwa hajui. Baada ya dalili hizo walipima upya, na yeye na wenzake huyafungia matokeo wasiyaone mpaka hesabu zote zikaguliwe, maana mtu aliyekitamani kitu ujana wake wote anaweza kukiona hata mahali kisipokuwepo. Na Dada alikuwa ameitamani hiyo chembe mpaka akasahau kuolewa, kama Mama apendavyo kusema.

"Kwa hiyo mnajifichia wenyewe?" Mama alimuuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Mna akili. Mimi pia simuulizi mteja kiuno chake. Napima."

Siku ya kuyafungua matokeo, Mama alishona mguu mmoja wa suruali ya watu nje ndani, akacheka mpaka akashika mbavu. Majirani walijaa mlangoni, wanachekacheka bila sababu. Simu ikalia, nikaweka spika.

"Mama, haipo."

Nilimwonea Mama huruma kwa yale majigambo yote, na Dada nikamwonea zaidi.

"Haipo kabisa?"

"Kabisa. Tulichokiona mwanzo kilikuwa sadfa tu. Mimi ndiye niliyewasomea wenzangu matokeo."

"Na kabla yako, kuna mtu aliyekuwa anajua kwamba haipo?"

"Hapana, Mama. Duniani kote, hakuna."

Mama alitupa mkasi mezani, akatoka mlangoni mikono juu. "Haipo!" akapaza sauti. "Haipo, na mwanangu ndiye wa kwanza kujua!" Akapiga vigelegele. Majirani walitazamana kidogo, kisha nao wakapokea, mtaa ukawaka.

"Ni nini hicho?" Dada aliuliza, analia na kucheka kwa pamoja.

"Ni wewe," nikamwambia.

"Usikate simu," akasema. "Ipeleke karibu na mlango."