Matuta ya Mshauri wa Sera

Mpango mzima wa ustahimilivu wa kata ile uligharimu matuta mia moja arobaini na moja ya mikono yangu mimi, jozi moja ya viatu vya ofisini, kiuno cha mzee mmoja mwenye malori, na togwa ambayo hakuna aliyekubali niipime. Matuta niliyahesabu mara mbili. Mara ya kwanza yalikuwa mia moja arobaini na matatu, ila mawili mwenye shamba aliyakataa. Alisema yale si matuta, ni udongo uliochoka. Nikabishana naye, nikashindwa, nikayafuta.

Kazi yangu ni kuishauri serikali jinsi nchi itakavyohimili mishtuko: ukame, mafuriko, barabara kukatika, ghala kuwa tupu. Mkia wa cheo changu unasema "na ushirikishwaji wa wadau". Maana yake nawaita watu ukumbini, nawapa maji ya chupa, nawauliza wanaonaje, nao wanasema wanaona vizuri. Mimi ni mtu wa Mbeya, nimekulia nyuma ya meza ya viazi ya mama yangu sokoni. Sauti ya mtu anayekubali ili aondoke naijua tangu sijaota meno ya mbele. Ni ileile ya mteja anayesema, "Nazunguka kidogo, nakuja."

Mwezi wa kwanza, ukumbini Sumbawanga, niliisikia kutwa nzima.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo kwenye ramani. Ng'ambo ya kijiji cha Kate kuna shule ya sekondari yenye bweni la wasichana. Kabla ya kuifika kuna kijito ambacho kiangazi unakivuka bila kuvua viatu. Ikifika Machi kinabeba kivuko cha magogo na kuondoka nacho. Lori la unga linakwama upande wa huku, stoo ya shule inaisha, bweni linafungwa. Wasichana wanarudi nyumbani wakangoje maji yapungue. Mwalimu mkuu, mama mmoja mrefu anayeongea taratibu kama anayeandika ubaoni, alisimama akasema sentensi mbili tu.

"Wakienda nyumbani Machi, wengine hawarudi. Mwaka jana nilifuata mmoja mpaka kwao, nikamkuta ameshatolewa posa."

Wote wakaunga mkono. Mzee wa malori, ambaye familia yake ina maduka mjini tangu enzi za babu yake, alisema gari litakuwepo Mungu akipenda. Wanakijiji walisema watashirikiana. Kwenye bango nilikuwa nimechora safu tatu: nani, nini, lini. Jioni safu ya "nani" ilisomeka "wadau wote" kuanzia juu mpaka chini. Huyo "wadau wote" nimemwandika kwenye mipango mingi. Sijawahi kukutana naye, na namba yake haipatikani.

Nilikuwa nakunja bango nilipofuatwa na mtu wa makamo mwenye buti za mvua na koti lililokuwa la mtu mnene zaidi yake. Alikuwa ndiye msimamizi wa zamu kijijini kwao.

"Dada mshauri, umeshiba makofi?"

"Nimeshiba, kaka. Sasa natafuta watu."

"Watu wapo. Ila hutawapata kwa hiyo karatasi."

Akanieleza, nami nakueleza kama alivyonieleza. Kule Ufipa, mvua ikishalainisha ardhi, watu hulima matuta ya mviringo. Majani yanakatwa, yanakusanywa, yanafunikwa kwa udongo yaoze humo humo, na msimu unaofuata rutuba ipo tayari. Ni kazi ya kuvunja mgongo, kwa hiyo hailimwi peke yako. Kaya zinaalikana. Leo kwangu, kesho kwako, na mwenye shamba anapika pombe ya ulezi. Aliyekuja kwako anakudai mikono, na siku akiita unakwenda. Kivuko kikikatika, nyumba ikiungua, mgonjwa akihitaji kubebwa, watu wanaitana kwa zamu hizohizo.

"Mwalimu akiita mbona hamwendi?" nikauliza.

"Tunakwenda, wawili watatu, kwa huruma. Huruma haibebi gogo. Mwalimu hajalima kwa mtu. Mzee wa malori hajalima kwa mtu. Na serikali," akanitazama viatu, "serikali hatujawahi kuiona na jembe."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Hapo nikajua bei imetajwa.

Sasa, kupatana ndiko kunakonipa raha duniani, baada ya watoto wangu. Nilianza na siku moja ya kulima, picha zipigwe, tumalize. Akasema zamu nzima, kaya zote za kundi. Nikamwambia nina mpango wa mkoa mzima mezani. Akasema naye ana shamba. Nikamwomba nilete vijana wa ofisini, wenye nguvu kuliko mimi.

"Lete. Watakuwa na zamu wao. Machi wakiita wao tutakwenda. Wewe ukiita tutauliza, huyu ni nani?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na haikuwa na kifungu kidogo cha kujificha. Zamu ni ya mikono iliyolima, haitumwi wala hailipiwi. Tukafikia mapatano: siku moja moja katika kila shamba la kundi, nikilima nusu ya matuta ya mtu mzima. Nusu hiyo niliipigania. Bado nadhani ningepata theluthi.

Mzee wa malori nilimfuata dukani kwake asubuhi, nikiwa natokea nyumbani kwangu Mazwi, hapohapo Sumbawanga, akiwa amekaa na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti wa serikali. Umekuja kuchukua gari?"

"Nimekuja kukuchukua wewe."

Nilipomaliza kueleza, alikunywa kahawa yote ndipo akajibu. "Nina vibarua kumi na mmoja. Chukua sita."

"Hawataki vibarua, mzee."

"Wanataka mgongo wangu? Mgongo huu una miaka sitini na saba. Huu hata mke wangu hautaki."

Kutoka chumba cha nyuma sauti ya mwanamke ikasema, "Mpeleke tu, mwanangu. Utamrudisha akiwa na adabu."

Alikuja. Nashukuru sana mpaka leo kwamba alikuja, maana hakuwa na sababu ya kibiashara niliyoweza kuihesabu, na nilijaribu. Alifika shambani na kofia yake ya kufuma, suruali imekunjwa mpaka magotini, akaanza kupatana upya palepale. Kuinama hawezi, udongo hashiki, lakini majani anaweza kukata akiwa amesimama, kwa fyekeo lenye mpini mrefu. Msimamizi wa zamu alikubali, kwa sharti kwamba asikae. Kila mzee alipoegemea fyekeo lake, wanawake wa kundi waliimba jina la lori lake kama kwamba limezimika mlimani.

Mwalimu mkuu alilima kuliko sisi sote. Alikuwa amekulia kwenye matuta hayohayo, upande wa Mollo, akaondoka kwenda kusoma, na tangu arudi hakuna aliyemwalika, kwa heshima. Heshima hiyo ndiyo iliyokuwa inamfungia bweni. Siku ya pili nilimwona amepiga magoti kwenye udongo, anabishana kwa Kifipa na mwanamke mmoja juu ya mstari wa matuta, wote wawili wanacheka. Sikuelewa hata neno moja, na ndiyo dakika niliyoamini kwamba mpango umekubalika.

Mimi mikono ilitoka malengelenge. Viatu vilikufa siku ya kwanza kwa sababu nilidharau ushauri wa kuazima buti, mimi ambaye naishi kwa kutoa ushauri. Jioni pombe ya ulezi ilizungushwa. Mzee hanywi kwa dini yake, mimi sinywi kwa kanisa langu, basi mke wa mwenye shamba akawa anatuandalia togwa yetu tamu, isiyolevya, pembeni. Alituita "wadau wawili wa sukari". Nilimuuliza kila dumu lina lita ngapi ili niandike. Akasema nikiuliza tena nitakunywa maji.

Ofisini niliandika kwamba nilikuwa kwenye ushirikishwaji wa kina. Dereva wetu alisoma, akanitazama mikono, akasema, "Hiki kina kimekupata kweli, mama."

Machi mvua ilikuja na pupa. Siku moja mchana mwalimu mkuu alinipigia. Kivuko kimekwenda, stoo imebaki na unga wa kufika mwisho wa wiki, na wazazi wameanza kupiga simu wakiuliza waje kuchukua watoto lini. Kidato cha nne walikuwa wanakaribia mtihani wao wa majaribio. Aliongea haraka, na yeye haongei haraka.

Nikampigia msimamizi wa zamu. Kwa mazoea nikaanza, "Ofisi yetu inaomba..."

"Ofisi gani?"

"Kaka, ni mimi."

"Aa. Unaita?"

"Naita."

"Basi tunakuja."

Sijawahi kupata jibu fupi kama hilo kwa barua yoyote niliyoandika tangu niajiriwe.

Mzee wa malori alikuja mwenyewe. Dereva wake alikuwa nyuma ya usukani, naye amekaa pembeni na kofia yake, anamlaumu kwa kila shimo. Tulipofika, kundi lilikuwa limeshaangusha miti. Msimamizi wa zamu alitaka magogo yalazwe palepale palipokatika. Mwalimu mkuu akasema yapandishwe juu kidogo penye mawe. Walibishana ndani ya maji ya magoti, mtu na mwalimu wa mwanawe, na kwa kuwa mwalimu sasa alikuwa na zamu kama mtu yeyote, msimamizi alimjibu vibaya kama anavyomjibu mtu yeyote. Wakalaza palepale. Gogo la kwanza likaondoka na maji. Wakahamia juu penye mawe, na hakuna aliyesema neno, isipokuwa wale wanawake, waliosema mengi.

Kivuko kilisimama, lakini si cha kubeba lori. Mzee alikitazama, akatazama gari lake, akasema mkopo wa gari hilo bado haujaisha na hatalizika humo. Basi unga ulivushwa mabegani, gunia kwa gunia, watu wamejipanga huku na huku wanapokezana. Mzee alisimama nyuma ya lori akisukuma magunia yafike mabegani mwa watu, na hakukaa. Mimi nilisimama ng'ambo nikihesabu. Nilihesabu mara mbili, na mara ya pili likapungua gunia moja. Nilipoanza kupaza sauti, mpishi wa shule alinionyesha moshi. Alikuwa ameshalifungua.

Jioni ile wasichana walikula ugali wa moto. Sikuingia bwaloni. Nilikaa kwenye ngazi ya nje, na upepo wa Ufipa unajua kumtafuta mtu aliyelowa, lakini nilisikia sahani, kelele, mtu akigombana juu ya ukoko, na mwalimu mkuu akisema, "Kula, kesho kuna fizikia." Bweni halikufungwa hata siku moja. Hakuna aliyefuatwa kwao. Nimekaa kwenye mikutano mingi ambako watu walipongezana kwa kuokoa mambo makubwa kuliko hilo. Sikumbuki hata mmoja ambao ningependa kukaa kwenye ngazi yake.

Nawashukuru wote, na nawashukuru mmojammoja. Mzee, kwa mgongo ambao bado ananiuliza nitaurudisha lini. Mwalimu, kwa kuniruhusu nimwone akicheka. Mwenye koti pana, kwa kukataa nusu ya maneno yangu na kuniachia nusu iliyokuwa kweli.

Sasa nimeletewa barua ya uhamisho. Nakwenda Dodoma, kupandishwa cheo, niandike mwongozo ili kata nyingine zifanye kama hii. Nimefurahi, sikatai. Lakini siku ya kivuko mimi ndiye niliyeita. Wakaja wote, na kwa hesabu yao nadaiwa mikono kuzunguka mashamba yote, safari hii matuta ya mtu mzima, kwa sababu waliokuja hawakubeba nusu ya gunia. Msimamizi wa zamu hanidai kwa sauti. Alisema tu kwamba anayeondoka na zamu ya watu hudhoofisha mwito wa wale alioingia nao. Machi ijayo mwalimu ataita akiwa na kidato cha nne wengine, na sitaki aitikiwe na wawili watatu.

Anayekuja kuchukua meza yangu ni kijana mzuri, ana shahada mbili na buti mpya. Nimemuuliza kama anaweza kulima kwa ajili yangu. Msimamizi anasema atalima ya kwake. Nimefikiria kuchukua likizo yangu yote msimu wa matuta, ila mume wangu aliishaipangia tangu mwaka jana, na yeye hashuki bei. Mzee wa malori amejitolea kunisemea kwa kundi, kwa sharti ambalo bado tunapatana.

Basi nakuomba wewe unayesoma, hasa kama uliwahi kuhamishwa ukiwa unadaiwa mikono na watu wema: ulifanyaje? Nishauri kabla mvua hazijaanza. Nitasikiliza kila ushauri, hata ule nisioupenda.