Wimbo wa Kukamua Kwenye Santuri ya Tausi

Watu wa Karatu wa siku hizi wakimwona Nanyokie amekaa nje ya zahanati na fimbo yake, wanampisha kama wanavyompisha bibi yeyote wa Kimasai. Hawajui kwamba sauti yake iliwahi kutoka kwenye santuri, tena santuri ya Tausi, ile kampuni ya Nairobi iliyosifika kwa muziki wa soul. Mimi najua, maana ilianzia hotelini kwangu, na kichwa changu bado hakivuji.

Nanyokie alizaliwa Endulen, akaolewa kule juu karibu na geti la Ngorongoro. Mwaka 1974 alikuwa bado binti wa watu, mwembamba, mwingi wa utani, na siku za mnada alishuka na punda kutuletea maziwa. Mume wangu Zaidi na mimi tulikuwa na hoteli ya chai na chapati. Zaidi alikuwa na gramafoni ya betri, na soul aliipenda kuliko alivyonipenda mimi, nasema bila wivu. Vijana wenye suruali za bugaluu walikuja mpaka kutoka Rhotia kusikiliza zile tarumbeta.

Santuri alizileta Patrisi, mchuuzi wa Tausi, na gari la kampuni. Safari moja alikuwa ametoka kurekodi bendi kwenye hoteli ya watalii kule kreta, kwa hiyo mashine ya kurekodi alikuwa nayo. Nanyokie alikuwa anatumiminia maziwa huku akiimba chini chini. Patrisi akaacha chapati yake.

"Mama, hebu imba tena."

"Nimwimbie nani?"

"Niimbie mimi."

"Wewe? Kwani nataka kukukamua?"

Hoteli nzima ilicheka mpaka mtu akamwaga chai.

Lakini alikuwa anasema kweli. Ule ulikuwa wimbo wa kukamulia. Alikuwa na ng'ombe mweusi aitwaye Narok, ambaye hakuteremsha maziwa mpaka aimbiwe, na Nanyokie naye hakuweza kuuimba vizuri bila Narok mbele yake. Basi Patrisi akapanda na mashine yake mpaka kwenye boma, Zaidi akamsindikiza, wakapiga magoti kwenye samadi na nguo zao safi. Wimbo ulimsifu Narok kwanza, pembe zake na mwendo wake. Halafu ulimsifu mdogo wake Nanyokie, morani, aliyemswaga ng'ombe yule kwa miguu kutoka Loliondo ili dada yake asiishi ugenini bila maziwa yake mwenyewe. Mwishoni alimwita huyo mdogo wake kwa jina, sauti ikipanda taratibu, na chini yake unasikia maziwa yakiingia kwenye kibuyu.

Santuri ilipokuja, katikati ilikuwa na picha ya tausi, nembo ile ile ya wale wanamuziki wa soul wenye nywele kama kikapu. Vijana hawakuamini.

"Mama Maziwa kaingia Tausi! Bugaluu lake liko wapi?"

Patrisi akatwambia kampuni ilikuwa na wengine wa namna hiyo, wasiojulikana na mtu: kipofu wa Singida mpiga filimbi, na kwaya ya manesi. "Haziuziki sana," alisema, "ila bosi anazipenda."

Nanyokie alisikiliza akiwa amejifunika mdomo kwa shuka. "Huyo mwanamke sauti yake nyembamba," akasema. "Ila Narok anamjua."

Mdogo wake ndiye aliyekuwa hachoki. Alikuwa anasimama mlangoni, mrefu, amepaka ngeu, ule udongo mwekundu, mpaka mabegani, anamwambia Zaidi, "Kaka, rudisha pale pangu." Zaidi anarudisha sindano, kijana anatabasamu peke yake.

Masika ya mwaka 1976 homa ilimshika, akafa kabla hawajamfikisha hospitali.

Wamasai wa wakati ule, kijana akifa, jina lake liliachwa. Nyumbani kwao halikutamkwa tena, na kama kulikuwa na ndugu aliyeitwa hivyo, alipewa jina jingine. Ndiyo maana na mimi hapa siliandiki.

Nanyokie akaacha kuja. Maziwa yakaletwa na mke mwenzake, Nareyu. Nikamuuliza kama Nanyokie anaumwa.

"Haumwi, Hamisa. Hawezi kupita hapa. Jina liko ndani ya nyumba yenu."

Zaidi alisikia. Aliitoa santuri, akaifunga kwenye kanga yangu, akaiweka juu ya kabati. Vijana walipoidai aliwaambia imevunjika.

Mvua zikaisha, mahindi yakavunwa, ndipo siku moja Nanyokie akaingia hotelini bila punda. Nywele alizokuwa amenyoa kwa msiba zilikuwa zimeanza kuota. Tulisalimiana, akanywa chai yake yote, akageuza kikombe.

"Zaidi, ule wimbo umeuvunja?"

"Hapana, dada. Nimeufunika tu."

"Uweke."

Zaidi akanitazama mimi. Nikawaomba wateja wamalizie chai yao nje, nikafunga mlango. Sindano ikashuka. Narok akasifiwa, pembe na mwendo. Zaidi aliijua santuri ile kama anavyojua njia ya kwao, na ilipokaribia pale pa mwisho akapeleka kidole ili ainue sindano.

Nanyokie akamshika mkono.

"Acha. Mimi nimefunga mdomo, sijamwita. Huyo anayeimba bado hajafiwa."

Basi jina likaja, likapanda vile vile, na maziwa chini yake. Nanyokie alifumba macho. Vidole vyake vilikuwa vinakamua juu ya goti, kulia, kushoto, mpaka santuri ikabaki inakwaruza tu. Zaidi alikuwa anajifuta macho kwa taulo la vikombe.

"Basi," Nanyokie akasema. "Mfunike. Usiwawekee watu."

Hatukuwawekea. Mwaka uliofuata mpaka wa Kenya ulifungwa, Patrisi hatukumwona tena, na Tausi wakasahau kwamba waliwahi kuwa na mwimbaji huku kwetu. Maziwa alirudi kuyaleta mwenyewe, na utani wake ukarudi polepole. Siku nyingi alikunywa chai akaenda zake. Lakini mara moja moja alikaa pale pembeni, akaniambia, "Hamisa, leo sina haraka," nami nikaenda kufunga mlango.