Onyo Nimelipokea

Nilipoitwa kituoni, askari alinianza na shikamoo. Nikaitika marahaba, maana kwa umri ningeweza kumzaa. Akanivutia kiti, nikakaa, ndipo akanieleza kuwa natuhumiwa kwa wizi wa pampu ya maji. Sasa hapo mtu unashika lipi? Shikamoo na wizi, papo hapo.

Pampu yenyewe ilikuwa ya jirani yangu wa shamba kule Katindiuka. Aliiweka kwenye kibanda kilicho kati ya majaruba yake ya mpunga na yangu. Ilipokosekana, mtu wa mwisho kuonekana kibandani nilikuwa mimi, nimefuata jembe langu. Jembe langu, nasisitiza.

Askari akasema nina haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki wakati wa kuhojiwa. Wakili nitamtoa wapi mimi? Nikampigia wifi yangu, dada wa mume wangu, Msukuma asiyemung'unya maneno. Akaja na bodaboda kutoka Kibaoni, akakaa pembeni yangu, mkoba mapajani.

Askari akachukua kalamu. “Mama, sasa nakupa onyo. Hulazimiki kusema neno lolote. Ila ukisema kwa hiari yako nitaandika, na linaweza kutumika mahakamani kama ushahidi.”

Hapo nikapotea kabisa. Silazimiki kusema, na kalamu kaishika. Nikinyamaza, mtu mzima naulizwa nimekaa kama gunia, si ndiyo watasema nimeiba? Nikisema, yanakwenda mahakamani. Halafu kuna hilo neno onyo. Kijijini kwetu onyo ni mwisho wa kesi. Mbuzi wako akila mahindi ya mtu, unaitwa ofisini, mwenyekiti anakupa onyo, unashukuru, unaahidi hutarudia, unakwenda zako kupika. Haki ya Mungu nilidhani yamekwisha. Nikaona nimalize kistaarabu.

“Onyo nimelipokea, afande. Nashukuru. Sitarudia.”

Akaandika. Wifi akanikanyaga mguu.

“Wifi, hutarudia nini?”

“Si amenipa onyo?”

“Onyo la kuangalia mdomo wako! Kesi ndiyo kwanza inaanza.”

Nikamwomba askari afute. Akasema, kwa upole tu, kwamba kilichosemwa hakifutwi, ila naweza kuongeza. Basi nikaongeza: sikuiba, nilifuata jembe, nilidhani onyo ni lile la mwenyekiti. Akaandika yote, akanisomea, nikasaini. Lakini katika kusoma, “sitarudia” ilitangulia na maelezo yangu yote yakaja nyuma yake. Hata mimi nilijisikia kama mwizi aliyechelewa kujitetea.

Wifi akanidhamini, nikarudi nyumbani. Mpunga ulikuwa umeiva na ndege wameushambulia. Nawafukuza huku nawaza, nani atavuna nikifungwa kwa mdomo wangu mwenyewe? Niliogopa, sitaki kudanganya. Na bado sikuelewa: kama hawataki niseme, waliniitia nini?

Pampu ikaja kupatikana Sanje. Shemeji wa jirani ndiye aliyeichukua akamwagilie migomba yake, bila kumwambia mtu. Jirani akaenda kituoni kueleza, kisha akaja kwetu kuniomba radhi mbele ya mume wangu, macho chini. Kesi ikaishia hapo. Siku hiyo nilichinja bata. Nilifurahi mpaka nikawa nacheka ovyo jikoni.

Tukiwa tunakula, mume wangu akarudisha tonge kwenye sahani.

“Dada kanisimulia ya kituoni,” akasema. “Pampu sawa, imepatikana. Lakini mke wangu, ulisema hutarudia. Hutarudia nini?”

Nikafungua mdomo nimweleze habari za onyo na mwenyekiti na mbuzi. Nikakumbuka yaliyonipata mara ya mwisho nilipojieleza, na kwamba silazimiki kusema neno lolote. Nikanyamaza.

Akaningoja. Kisha akanawa mikono, na wali wake umebaki nusu.