Waya wa Chuma kwenye Njia ya Patsy

Aliyenifundisha kuchagua kamba ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Tulikuwa tukipokezana usukani wa lori la tajiri mmoja wa Mutsamudu, mji wa bandari kisiwani kwetu, tukiteremsha karafuu na maua ya langilangi kutoka mashamba ya juu. Mvua zikianza, njia ya Patsy hugeuka tope jekundu, na kila wiki tulikwama au tulimkwamua mwingine.

Kamba tulizipata kwa makuli wa bandarini, vipande vilivyobaki vya kamba za kufungia meli. Shemeji hakuchukua tu. Alikata uzi, akautumbukiza kwenye ndoo ya maji. Ukielea, alikirudisha kipande chote. "Hii haivutiki," alisema. "Itakatika kabla gari halijasogea." Uzi ukizama, aliuchoma kwa kiberiti aone kama unayeyuka na kuganda kama tone gumu. Hapo alijua ni nailoni. Kisha alipapasa kamba nzima kwa vidole, shubiri kwa shubiri, akitafuta palipochubuka. Kamba nzuri hurefuka lori likivuta, halafu hujirudi na kulitoa gari topeni bila kishindo. Hakuruhusu ndoano wala kipande chochote cha chuma kwenye ncha, na kila mara alitandaza gunia bichi katikati ya kamba ili ikikatika isiruke, akawafukuza watu wote mbali.

Mamluki wa kizungu walikuwa wameshaingia nchini, na sisi wa Mutsamudu tulizoea kusimama kando ya barabara kuwapisha tukiona magari yao. Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, kwenye kona iliyo chini ya Patsy, tulikuta gari lao limezama hadi kwenye ekseli. Palikuwa na mzungu mmoja aliyevaa nguo nyeusi na askari wanne, wenyeji kama sisi. Mmoja wao alituelekezea bunduki kabla hatujasimama.

"Mtatuvuta," alisema.

Shemeji alishuka na kamba yake. Mzungu aliishika, akaibonyeza, akacheka. Alisema neno kwa Kifaransa, na askari akatufasiria: "Anauliza kama mnataka kuanika nguo." Akaitupa mtaroni. Wao walikuwa na waya wa chuma wenye ndoano, na sehemu moja nyuzi zake zilikuwa zimekatika na kusimama kama miba.

Nikasema, "Huu utakatika. Utaua mtu."

Sikumaliza. Kitako cha bunduki kilinipiga mdomoni, nikaangukia magoti. Nilitema jino na kipande cha jino la pili. Nilipojaribu kuinuka nilipigwa teke la mbavu. Shemeji alisema upesi, "Basi, basi, nitavuta. Mwacheni." Akapanda kwenye lori.

Alivuta polepole, waya ukakaza. Mzungu akapiga kelele na kuzungusha mkono, akitaka avute kwa nguvu. Askari akamnyooshea shemeji bunduki dirishani. Lori likanguruma.

Niliusikia mlio kama wa bati linalopasuliwa. Sikuuona waya ukipita. Niliona kioo cha nyuma cha lori hakipo, na shemeji ameinamia usukani. Nilipofungua mlango, mkono wake wa kulia ulikuwa umening'inia kwenye ngozi, chini kidogo ya bega. Damu ilimwagika juu ya kiti, ikateremka hadi kwenye pedali. Alinitazama kama mtu anayeamshwa.

Mama mmoja aliyekuwa akitoka shamba alivua shiromani aliyojitanda, akaichana kwa meno, tukamfunga. Nikawaambia askari nampeleka hospitali. Mzungu akatikisa kichwa. Alikuwa ameshaingia mtaroni, anatoka na kamba yetu.

"Kwanza gari," askari alifasiri, na hakunitazama usoni.

Tulimlaza shemeji kando ya njia, kichwa mapajani mwa yule mama. Nikaifunga kamba ya nailoni kwenye chesisi za magari yote mawili, nikakaa juu ya damu yake, nikavuta. Mara ya kwanza ilirefuka tu. Mara ya pili gari lao likatoka, laini, bila mtu kuguswa. Wakaikunja kamba, wakaondoka nayo.

Huko Hombo, hospitalini, waliukata mkono. Shemeji aliishi, lakini hakukamata usukani tena. Dada yangu hakuniuliza kwa nini nilimwacha avute. Nilitamani aniulize.

Mwaka uliofuata nilihamia Moroni, kwenye kisiwa kingine, nikapata lori la kubeba mchanga. Watu walicheka lafudhi yangu ya Mutsamudu. Kitu cha kwanza nilichokitafuta ni kamba. Kwenye duka moja karibu na soko nilimwomba mwenye duka ndoo ya maji, akadhani nina wazimu. Nilikataa kamba tatu. Ya nne ilizama.

Siku moja kwenye barabara ya Itsandra nilikuta teksi imenasa kwenye mchanga karibu na ufuko. Watu walikuwa wamekusanyika, kina mama wakiwa na watoto miguuni. Mwenye teksi alikuwa ameinama, anafunga waya wa chuma kwenye pikapu ya rafiki yake. Nilisimamisha lori. Nakumbuka kushuka, lakini sikumbuki kusema neno. Nilimpiga ngumi ya sikio, akaanguka, nikamfuata chini. Nilimpiga usoni hadi watu watano wakanishika. Hata hapo nilikuwa bado napiga mateke hewani.

"Huyu ni nani?" aliuliza, damu ikimtoka puani. "Nimemfanya nini?"

Nilipoachiliwa niliufungua waya, nikaweka kamba yangu, nikaitoa teksi. 

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwa mwenye teksi. Mama yake alifungua mlango, akanitazama ngumi zangu zilizovimba.

"Ndiwe wewe?"

"Ndimi, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Ingia. Lakini kaa pale nikuone."

Mwanawe alikuwa na jicho lililofumba. Nilimweleza habari ya kona ya Patsy. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ungeniambia," alisema, "ningeufungua mwenyewe."

Mama yake alileta chai, akaweka kikombe cha mwanawe karibu na chake, na changu pembeni. Niliinywa yote ikiwa bado ya moto, nikaaga. Hatukuwa marafiki. Tukikutana barabarani, yeye ndiye aliyekuwa anasimama kando ya barabara kunipisha, na hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana.